Je, Wajua? Ghala la Kaboni Topeni

Je, wajua kwamba delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa imo wilayani Kibiti, ina karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara? Kaboni yake nyingi haiko kwenye miti. Imo topeni, ambako hewa haifiki na majani yaliyoanguka huoza polepole mno. Mikoko ikifyekwa kupisha mpunga, tope hupigwa na hewa na kaboni hiyo huanza kupanda angani kama gesijoto.

Tanzania imeahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua hizo, katika nishati, usafirishaji, misitu na taka. Kwenye makaratasi kila sekta ina safu yake, lakini kwenye Mto Rufiji zinagongana. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto huo, lenye uwezo wa megawati 2,115, huzalisha umeme bila kuchoma gesi, lakini pia hunasa mchanga na tope vinavyoijenga delta.

Na mkaa, unaotokana na miti na kutumika kupikia, je, ni wa nishati au wa misitu? Mkakati wa taifa wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.