Ubavu Unaanzia Mgongoni

Mtu akichomwa na maumivu kifuani upande wa kushoto, wazo la kwanza ni moyo. Yakizunguka hadi mgongoni, karibu na bega, hofu inakua maradufu. Anakimbizwa hospitali, anapimwa umeme wa moyo, anapigwa picha ya eksirei, kisha anaambiwa yuko salama. Kesho yake anapiga chafya na mchomo unarudi palepale.

Kumwambia mgonjwa huyu kuwa hana kitu ni kumpa nusu ya jibu. Moyo kweli unaweza kuwa mzima, lakini maumivu yake yana mahali yanakotoka.

Binadamu ana jozi 12 za mbavu, na zote zinaanzia nyuma, kwenye pingili za uti wa mgongo. Jozi saba za juu huzunguka hadi mfupa wa kidari, ila haziugusi moja kwa moja: kila ubavu humalizikia kwenye kipande cha gegedu, na gegedu hiyo ndiyo inayoshikana na kidari. Tukivuta pumzi, mbavu huinuka na kutanuka mfano wa mkono wa ndoo unavyonyanyuliwa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kwa siku nzima hiyo ni kama mara 20,000. Kifundo cha mguu kikiteguka utakilaza juu ya mto. Kifua hakilazwi hata kwa saa moja. Tena gegedu haina mishipa ya damu ya kwake, kwa hiyo hujirekebisha polepole.

Inflamesheni ya maungio hayo ya mbavu, gegedu na kidari madaktari huiita kostokondritisi, na mara nyingi hushika ubavu wa pili hadi wa tano. Pakiwa na uvimbe unaoonekana kwa macho, jina hubadilika na kuwa ugonjwa wa Tietze, kwa heshima ya Alexander Tietze, daktari wa upasuaji wa Kijerumani aliyeueleza mwaka 1921 katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław, Polandi. Wakati mwingine chanzo ni kikohozi cha wiki nyingi, kupalilia, kutwanga au kubeba magunia. Mara nyingi hakipatikani kabisa.

Na mgongo unaingiaje? Mshipa wa fahamu wa kila ubavu hutoka kwenye uti wa mgongo na kugawanyika papo hapo: tawi dogo huhudumia misuli na ngozi ya mgongo, tawi kubwa hufuata ukingo wa chini wa ubavu hadi mbele. Ubongo ukipokea taarifa kutoka njia hiyo hushindwa kubainisha vizuri zimeanzia wapi. Zaidi ya hapo, ubavu ukiuma mbele, misuli kati ya mabega inaweza kukaza. Mishipa ya fahamu ya moyo nayo huingia kwenye uti kwa pingili zilezile za juu za kifua. Ndiyo maana hata daktari mzoefu hawezi kutegemea maelezo ya mgonjwa peke yake.

Daktari hubonyeza maungio kwa kidole. Maumivu yaleyale yakiamka, huo ni ushahidi mzuri. Hautoshi, kwa sababu mwenye ugonjwa wa moyo naye anaweza kuumia akibonyezwa. Aliyevuka miaka 35, mwenye shinikizo la damu, kisukari au anayevuta sigara apimwe moyo hata kama kidole kimepata jibu.

Wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache, wengine hukaa nayo mwaka na zaidi. Dawa kama ibuprofeni husaidia kwa muda mfupi, ila mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asizinunue bila kuuliza. Kitambaa cha moto kifuani hutuliza. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto. Mzigo wa upande mmoja ugawe mara mbili. Kosa ninaloliona zito zaidi ni kupumua juujuu kwa kuogopa: mbavu zikiacha kutanuka hukakamaa, na mgongo unazidi kuuma. Lala chali juu ya kanga iliyokunjwa kati ya mabega, vuta pumzi taratibu hadi pale panapoanza kuuma, kisha iachie.

Vipele vikijitokeza kwa mstari kufuata ubavu, huo ni mkanda wa jeshi, na dawa yake hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Maumivu ya ghafla ya kupasua yanayopenya hadi mgongoni, kifua kubanwa pamoja na jasho jembamba, maumivu yanayoshuka mkononi au kupanda tayani, kupumua kwa shida, kuzimia, au kifua kumuuma mwenye selimundu: hapo ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ulishaambiwa ni mbavu. Na maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, yakiandamana na homa za jioni na kukonda, yanahitaji kipimo cha kifua kikuu, kwa sababu vijidudu vyake hushambulia pingili pia, na mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo.