Mitaa Mipya na Wingi wa Motokaa

Mtaa mpya ujengwapo pembezoni mwa mji hauongezi nyumba tu. Huongeza pia safari. Kila asubuhi wakazi wake huenda kazini, shuleni na sokoni, na jioni hurudi. Mahali hapo pote pakiwa mbali, na basi lisipofika, mwenye uwezo hununua motokaa, na asiye na uwezo hutaabika. Kupanua barabara baadaye hakutoshi, kwani barabara iliyopanuliwa huvuta motokaa zaidi.

Chukua mfano wa hesabu. Mtaa una nyumba 1,000, na watu wa kila nyumba hufanya safari 6 kwa siku. Jumla ni safari 6,000. Ikiwa kila safari hufanywa na mtu mmoja katika motokaa, barabara hupitiwa na motokaa mara 6,000. Lakini shule na maduka yakiwa karibu, safari 2,000 zaweza kufanywa kwa miguu. Katika 4,000 zilizosalia, nusu zikifanywa kwa mabasi yenye abiria 50 kila moja, zahitajika safari 40 tu za basi. Safari za motokaa husalia 2,000.

Njia hii imefuatwa Vauban, mtaa wa mji wa Freiburg, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Hapo palikuwa na kambi ya jeshi la Ufaransa hadi mwaka 1992. Wapangaji waliweka shule na maduka karibu na nyumba. Katika sehemu kubwa ya mtaa hairuhusiwi kuegesha motokaa mlangoni. Mwenye motokaa hununua nafasi katika jengo la maegesho lililo ukingoni mwa mtaa. Asiye na motokaa hutia sahihi tamko la kutokuwa nayo, na halipii nafasi hiyo. Mwaka 2006 tramu, yaani treni ya umeme ipitayo barabarani, ilifikishwa mtaani humo. Hivyo mwenye motokaa huifuata kwa miguu, kama mwenzake aifuatavyo tramu, na watoto hucheza njiani.

Mwanafunzi aweza kulipima jambo hili kwa kuhesabu hatua kutoka mlangoni kwao hadi shuleni, dukani na kituo cha basi. Nafasi za shule, soko na njia ya basi hazina budi kutengwa kabla ya viwanja kugawiwa. Vikishagawiwa, kuzipata nafasi hizo ni kubomoa nyumba za watu.