Kioo cha lori hakizuii jua lote

Ndugu zetu wengi wanaoendesha malori kati ya Kolwezi, Lubumbashi na Kasumbalesa huamini kwamba mtu akiketi ndani na kufunga kioo, yuko kivulini. Sivyo.

Pamoja na mwanga na joto, jua linatoa miale isiyoonekana, ile inayoandikwa UV kwenye miwani na chupa za mafuta. Inayotufikia ni ya namna mbili. UVB hubabua ngozi haraka, lakini kioo cha kawaida huizuia karibu yote. UVA huingia ndani zaidi na kuharibu ngozi polepole, bila maumivu. Kioo cha mbele kina plastiki katikati ya tabaka mbili, kwa hiyo huzuia sehemu kubwa ya UVA. Kioo cha mlango ni tabaka moja tu, na mara nyingi UVA hupita humo kwa wingi.

Mwaka 2012 jarida la waganga la Marekani, New England Journal of Medicine, lilitoa picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la mizigo kwa miaka 28. Shavu lake la kushoto, la upande wa dirisha, lilikuwa nene na lenye makunyanzi mazito kuliko la kulia. Kwetu usukani uko kushoto. Malori mengi yanayotoka Zambia na Tanzania yanao kulia. Kila dereva aangalie upande wake.

Mtu atasema: huyo ni mzungu. Ni kweli, ngozi nyeusi inatulinda sana, na saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni adimu kwetu, isipokuwa kwa ndugu wenye ualbino, ambao kwao hatari ni kubwa mno. Lakini anayejichubua kwa krimu anajivua ulinzi huo mwenyewe. Tena doxycycline, dawa ambayo wengi hujinunulia bila mganga, inaweza kufanya ngozi ibabuke kwa jua kidogo.

Macho ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, maana weusi wa ngozi hauyafuniki. Jua, vumbi na upepo vya miaka mingi huotesha kinyama juu ya weupe wa jicho, kikisogea kuelekea mboni. Jua huchangia pia mtoto wa jicho: lenzi ya ndani hufifia, na usiku taa za magari yanayokuja humpofusha dereva. Hapo si yeye peke yake aliye hatarini. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Matone ya sokoni hayamtibu.

Miwani ya jua itafutwe yenye alama ya UV400. Miwani myeusi isiyozuia UV inaweza kuwa mibaya kuliko kutovaa, kwa sababu katika giza lake mboni hufunguka na huenda ikapokea miale zaidi. Usiku ivuliwe.

Shati la mikono mirefu lisilo zito linatosha kwa mkono wa dirishani, na ni rahisi kuliko mafuta ya kuzuia jua. Kofia yenye ukingo mpana ni ya foleni ya mpakani, ambako mtu husimama nje saa nyingi. Ubaridi wa mwezi wa sita na wa saba usimdanganye mtu: uwanda wetu uko juu ya mita 1,000, na UV huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda. Na yeyote anayeona taa zikimchoma macho usiku amwone mganga wa macho kabla ya safari inayofuata.