Mradi ukiondoka, nani anabaki na funguo?



Karibu katika kila kartie ya miji yetu kuna kibao cha chuma kilichosimama pembeni ya njia. Juu yake kuliandikwa jina la mradi, jina la waliotoa makuta, na mwaka. Rangi imeanza kutoka. Ukiuliza mradi ule uliacha nini, mmoja atakuonyesha robine isiyotoa maji, mwingine mtaro uliojaa takataka. Lakini nyuma ya kibao kile kile, siku ya posho asubuhi, utakuta wamama ishirini au ishirini na watano wamekaa mviringo, na katikati yao sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Sanduku hilo halina kibao, na linaendelea.

Juma hili tuzungumze juu ya watu wanaosaidia vikundi vya namna hiyo: wale tunaowaita animatere, ajenti wa kijiji, au kwa urahisi tu, watu wa ASBL. Kazi yao si biashara ya kutafuta faida. Ni kusaidia wakaaji waunganishe nguvu na makuta yao, waendeleze mahali wanapokaa. Wengi wanaifanya kwa moyo. Lakini wako pia wanaovaa shati la namna ile ile na kula makuta ya wamama. Ni lazima tujue kuwatofautisha, maana sanduku likipotea mwezi wa nane, mwezi wa tisa ni mtoto anayerudishwa nyumbani bila kalamu. Sisi walimu ndio tunaomwona akiondoka darasani.

Kutoka likelemba hadi AVEC

Likelemba tunaijua tangu wamama wetu. Watu kumi wanatoa kiasi sawa, mmoja anabeba vyote, na juma linalofuata ni zamu ya mwingine. Ni jambo jema, na halihitaji karatasi. Lakini lina magumu mawili. Mtoto anaweza kuugua juma la tatu, na zamu yako ni ya tisa. Tena yule aliyebeba wa kwanza anaweza kuhama kartie kabla ya kumaliza kulipa wenzake.

Mwaka 1991, katika inchi ya Niger, upande wa Maradi, shirika la CARE lilianza kufanya kazi na vikundi vya wamama Wahausa vilivyoitwa Mata Masu Dubara. Walichukua desturi ya zamani ya kuchanga pamoja, wakaiongezea mambo machache: makuta hayagawanywi kila juma, bali yanabaki, memba anaweza kukopa kutoka humo na kurudisha na faida kidogo, na mwisho wa mwaka kila mtu anapata akiba yake pamoja na sehemu yake ya faida. Njia hiyo ilienea katika inchi nyingi za Afrika. Kwa Kifaransa inaitwa AVEC, na hapa Kongo vikundi vyake viko mjini na vijijini.

Jambo kubwa ni hili: hakuna makuta ya nje yanayoingia katika sanduku. Yote ni ya wamama wenyewe. Mtu wa shirika analeta mafunzo, sanduku na vitabu. Hapo ndipo tunapoanza kupima kazi yake.

Ajenti mwema anafanya nini?

Kwanza, hagusi makuta. Hata franka moja. Anafundisha, anatazama, anasahihisha, lakini wanaohesabu ni wamemba wawili waliochaguliwa, mbele ya wote.

Pili, anaacha kikundi kijichague chenyewe. Hakusanyi watu kwa orodha aliyoileta. Wamama wanaojuana tabia ndio wanaokaa pamoja, kwa kawaida kati ya 15 na 30. Wakizidi hapo, mkutano unakuwa soko.

Tatu, anafundisha ulinzi wa sanduku. Kufuli ni tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu tofauti wasio wa komiti. Anayelala na sanduku nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Sanduku linafunguliwa mkutanoni tu. Kabla ya kutawanyika, wote wanasikia kiasi kilichobaki na kukishika kichwani. Mkutano unaofuata, kabla ya kufungua, wanaulizwa: tulibakiza ngapi? Hivyo hata mama asiyejua kusoma ni mlinzi. Na katika kitabu chake akiba haiandikwi kwa maneno marefu, inapigwa muhuri: mihuri mitatu, sehemu tatu. Mtoto wa darasa la pili anaweza kumsaidia kuihesabu.

Nne, na hili ni gumu kwa watu wengi wa miradi, anapunguza kuja. Mwanzoni yupo kila mkutano, baadaye mara chache, mwishoni anakuja tu kusaidia mgawanyo. Ajenti ambaye baada ya mwaka kikundi hakiwezi kukutana bila yeye hajafundisha, amejifanya ufunguo wa nne. Mahali pengi ajenti ni mama wa kikundi cha zamani. Mradi ukimalizika, vikundi vipya vinamlipa kidogo kwa kila ziara. Hiyo si rushwa kama bei imepangwa mbele ya wote.

Tufanye hesabu ubaoni

Tuchukue kikundi cha wamama 20. Wamepanga kwamba sehemu moja ni 1.000 FC, na kila mkutano memba ananunua sehemu moja hadi tano, kadiri ya nguvu zake. Wanakutana juma 40.

Mama auzaye ndagala ananunua sehemu tatu kila juma. Mara 40, ni sehemu 120, yaani 120.000 FC. Jirani yake auzaye sombe anapata kidogo, ananunua moja tu: sehemu 40, yaani 40.000 FC. Tuseme wote pamoja wamenunua sehemu 2.400, yaani 2.400.000 FC, na mikopo imeleta faida ya 480.000 FC. Jumla ni 2.880.000 FC. Gawanya kwa sehemu 2.400: kila sehemu sasa ni 1.200 FC. Mama wa ndagala anabeba 144.000 FC, mama wa sombe 48.000 FC. Hakuna aliyedharauliwa, na hakuna aliyekula jasho la mwenzake.

Mkopo nao una kipimo: memba hakopi zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Na pembeni kuna mfuko wa msaada, kwa matanga, ugonjwa au kuzaa. Makuta hayo hayachanganywi na ya mikopo.

Vikundi vingi vinapanga mgawanyo mwishoni mwa mwezi wa nane, mbele ya kurudi kwa masomo. Ni hekima. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, lakini madaftari, viatu na nguo za shule hazikuwa bure, na sekondari inalipwa. Lakini mgawanyo ndio wakati wa hatari kubwa, maana makuta yote yanakutana siku moja. Usitangaze tarehe sokoni. Usiruhusu makuta yalale sanduku limejaa: yahesabiwe na kugawanywa mkutano ule ule.

Kumbukumbu ya Bindo

Wazazi wetu hawajasahau miaka ya 1990 na 1991, Kongo ikingali Zaire. Kinshasa kulikuwa na michezo ya makuta kama Bindo iliyoahidi kuzidisha makuta ya mtu kwa muda mfupi. Watu waliuza vitu vya nyumba ili waweke. Waliotangulia walilipwa kwa makuta ya waliofuata. Waliofuata walipopungua, nyumba ikaanguka, na wengi walipoteza yote.

Leo michezo hiyo inakuja kwa simu. Kipimo ni kile kile. Muulize anayekuletea: faida inatoka wapi? Katika AVEC jibu liko wazi: inatoka kwa mama aliyekopa, akanunua makala ya jumla, akauza rejareja, akarudisha na nyongeza. Unamjua, ulimwona akilipa. Mtu akishindwa kukuonyesha ni nani analipa hiyo faida, basi anayelipa ni wewe.

Waliofanya hivyo mbali

Ahmedabad, Uhindi, mwanasheria mmoja mwanamke, Ela Bhatt, alianza mwaka 1972 chama cha wanawake wanaojitafutia: wauza mboga, wabeba mizigo, washonaji. Jina lake ni SEWA. Mabenki hayakutaka kushughulika nao. Mwaka 1974 wanawake 4.000 walitoa rupia 10 kila mmoja, wakaanzisha benki yao. Wengi hawakujua kuandika jina. Shida hiyo ilitatuliwa kwa picha: sura ya mwenye akiba ndiyo iliyomtambulisha. Mama hakuambiwa aende kwanza kusoma ndipo aheshimiwe.

Mfano wa pili uko Marekani, mji wa Boston, katika Roxbury, kandokando ya Dudley Street. Miaka ya 1980 nyumba nyingi huko zilikuwa zimeungua, viwanja zaidi ya elfu moja vilikuwa vitupu, na watu wa nje walikuja kutupa takataka humo. Wakaaji walikuwa watu weusi wa Marekani, watu waliotoka visiwa vya Cape Verde na Amerika ya Kilatini, na wazungu pia. Mwaka 1984 mashirika yalianza kupanga maendeleo ya mtaa. Lakini mpango ulipoletwa mbele ya watu, wakaaji walisimama na kuuliza ni wangapi kati ya wale wa komiti wanaokaa pale. Walikuwa wachache. Komiti ikapangwa upya, wakaaji wakawa wengi ndani yake. Walianza na jambo dogo linaloonekana, kuzuia takataka. Mwaka 1988 chama chao kilipewa na mji uwezo wa kuchukua viwanja vitupu, na nyumba zikajengwa juu ya ardhi inayoshikwa kwa pamoja, kusudi bei isiwafukuze maskini.

Swali lile la wakaaji wa Boston linafaa kila mkutano wetu: ni wangapi katika komiti hii wanaolala katika kartie hii?

Kutoka sanduku hadi kartie

Kikundi kilichogawana vizuri mara mbili au tatu kinaweza kufikiria jambo la wote. Wengine wananunua viti na masufuria ya kukodisha kwa ndoa na matanga. Wengine wanaungana kwa mashini ya kusaga, au kusafisha mtaro mbele ya mvua. Salongo tunaijua, lakini salongo ya kulazimishwa na ile mliyoipanga ninyi wenyewe si moja.

Shauri langu: kabla ya kununua kitu, andikeni bei ya kukitengeneza kikiharibika. Robine nyingi zimekufa kwa kukosa kipande kidogo, si kwa kukosa maji. Franka chache kwa kila bidoni, zikiwekwa na mtu anayehesabu mbele ya wote, ndizo zinazoifanya iishi.

Na sheria iko upande wetu. Tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyorekebisha Kitabu cha Sheria za Jamaa, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili afanye tendo la kisheria. Kuzungumza nyumbani ni vizuri na kunaleta amani, lakini karatasi ya ruhusa mtu asikuombe. ASBL nazo zinaongozwa na sheria ya tarehe 20 Julai 2001: ASBL haigawanyi faida kwa wamemba wake. Mtu akija kwa jina la ASBL huku akikuahidi gawio, jina na kazi havikubaliani. Muombe karatasi, na usione haya.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Funguo zetu ziko kwa nani leo? Je, kuna anayeshika mbili?
2. Kila mmoja wetu anaweza kusema bila kitabu kiasi kilichobaki mkutano uliopita?
3. Ajenti wetu asipokuja mwezi mzima, tutakutana?
4. Katika kartie yetu, ni jambo gani dogo tunaloweza kumaliza sisi wenyewe kabla ya mvua?
5. Nani atalitunza, na kwa makuta gani?

Mkipata jibu la swali la tano, anzeni.