Jangwa la Chalbi na Wafugaji Wake wa Ngamia

Jangwa la Chalbi liko kaskazini ya Kenya, katika Kaunti ya Marsabit, baina ya Mlima Marsabit na Ziwa Turkana. Msafiri atokaye Machakos hupita Nairobi na Isiolo kwa barabara ya lami, safari ya zaidi ya kilomita 500 hata mjini Marsabit. Kisha huiacha lami na kushika njia ya Maikona, Kalacha na North Horr. Hapo mtu aliyezoea milima ya Iveti na mashamba ya matuta hutazama kila upande asione pa kutuliza macho. Nchi ni tambarare tupu, nyeupe kwa chumvi, kwa maana zamani sana palikuwa na ziwa. Mchana mazigazi huonyesha maji mbele yake, na kadiri aendavyo maji hayo humkimbia. Mvua kubwa ikinyesha, nayo ni nadra, maji ya kweli hutanda juu ya chumvi, na gari lililothubutu kupita hunasa matopeni.

Wenyeji wake ni Wagabra, wasemao Kiborana. Mali yao kubwa ni ngamia. Nyumba ni ya mwanamke: ndiye aijengaye kwa fito zilizopindwa, ngozi na mikeka, na siku ya kuhama ndiye aifunguaye na kuipakia juu ya ngamia. Vyombo vya maziwa husukwa kwa nyuzi za mizizi, vikakazwa hata visivuje. Mwanamke wa Kikamba aliyelelewa katika kazi ya vyondo atakishika chombo hicho kwa muda mrefu kabla ya kukirudisha.

Vijana hukaa mbali na wazee, katika kambi za malisho ziitwazo fora. Ngamia aweza kukaa wiki moja na zaidi asinywe maji, na kwa hiyo majani yaliyo mbali na visima hayapotei bure.

Wako wasemao kwamba Wagabra wangekaa mahali pamoja walime. Watu wa Machakos wasiwe wepesi kuitikia. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilisema ng'ombe wa Wakamba wamezidi, ikawatwaa na kuwanadi. Maelfu ya watu wakaenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko kudai mali yao. Tena huko Chalbi mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 250. Jembe litafanya nini?

Ukame wa mwaka 2020 hata 2023 uliua mifugo mingi mno, wala ngamia hawakusalimika. Lakini Wagabra wana desturi yao ya tangu zamani. Mwenye ngamia wengi humwazima aliyefilisika ngamia jike. Mwazimaji hunywa maziwa na kuchukua ndama dume. Ndama jike hubaki mali ya mwenyewe, hata akikaa zizini mwa mwingine miaka mingi. Haiandikwi karatasi yoyote. Karani wa Machakos akiuliza daftari liko wapi, huonyeshwa mzee aliyeketi kivulini, akitafuna buni zilizokaangwa kwa samli.