Fahamu: Mteuzi wa waigizaji hufanya kazi gani?

Mteuzi wa waigizaji ndiye anayemtafutia kila mhusika wa filamu au tamthilia mtu wa kumcheza. Huanza na skripti, akipima umri, lafudhi na mwenendo wa mhusika, kisha huitisha usaili na kuwachuja waliojitokeza. Uamuzi wa mwisho ni wa mwongozaji na mtayarishaji.

Uzito wa kazi hii unaonekana katika The First Grader (2010), filamu kuhusu Kimani Maruge, mzee aliyejiunga na darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Maruge alichezwa na Oliver Litondo, aliyewahi kuwa msomaji wa habari, na wanafunzi wakachezwa na watoto wa shule ya kijijini Bonde la Ufa, wasio waigizaji. Chaguo hilo ndilo lililoibeba filamu, kwani mtoto aliyezoea kubanana dawatini hahitaji kufundishwa namna ya kukaa darasani.

Kijana wa Kabazi, kaunti ya Nakuru, anayeitaka kazi hii anaweza kuanzia kwenye tamasha za maigizo za shule, kisha ukumbi wa Nakuru Players, akijitolea siku za usaili: kuandikisha majina, kushika kamera, kumsomea mwigizaji mistari ya mhusika wa pili. Malipo hufuata mradi, na hutoka kwa mtayarishaji. Anayemtoza mwigizaji ada ya usaili aepukwe kabisa.

Heshima imechelewa: tuzo za filamu za BAFTA za Uingereza zilianza kuituza kazi hii mwaka 2020, na zile za Oscar kuanzia filamu za 2025.