Mashine ya nyasi ni hatari hata ikiwa imezimwa

MVUA za masika zinapoanza kunyesha katika Kaunti ya Kwale, nyasi huota upesi kwenye bustani za hoteli za Diani na katika nyua za vijiji jirani kama vile Bongwe. Pale ambapo fyekeo limepisha mashine ya petroli, watumiaji huogopa kisu kinachozunguka. Hata hivyo, hatari nyingine huwapo wakati mashine imezimwa na mtu ameinama kuisafisha.

Sababu ni kwamba kisu kimeunganishwa na injini. Anayekizungusha kwa mkono huizungusha injini pia, na mvuke wa petroli uliosalia ndani ukikutana na cheche ya plagi, injini huweza kuwaka ghafla na kumkata vidole.

Kwa hivyo, injini izimwe na kuachwa ipoe, kisha waya wa plagi uchomolewe na kuwekwa mbali. Mashine ikilazwa, upande wa chujio la hewa uelekee juu ili oili isiingie humo. Nyasi zilizoganda ziondolewe kwa kijiti, na petroli itiwe nje ya nyumba, mbali na moto.

Hewa ya chumvi ya Pwani hula chuma, hivyo kisu na bolti zake zikaguliwe mara kwa mara. Kisu kikishanolewa, kitundikwe kwenye msumari kupitia tundu lake la katikati. Upande unaoinama ndio mzito, nao unolewe zaidi. Kisu kisicho sawa hutetemesha mashine na kulegeza bolti. Kilichopasuka kisichomelewe bali kitupwe, kwani kipande kikikatika huruka kwa kasi ya kuua.

Aidha, wapo wanaofunga kwa kamba kishikio cha usalama kilicho kwenye mpini. Nchini Marekani, tangu 1982, kanuni zinataka kisu cha mashine ya kusukuma kisimame ndani ya sekunde 3 kishikio kinapoachiliwa. Kamba huiondoa kinga hiyo.

Jukumu hili si la mtunza bustani peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuhakikisha mitambo ni salama na wafanyakazi wamefunzwa kuitumia. Mfanyakazi akiumia kazini, sheria nyingine ya mwaka huo huo inampa haki ya kulipwa fidia, lakini fidia hairudishi kidole kilichokatika.